Gundi ya unga, udongo mwekundu na zile picha 12 za Idi



Kila tunapokutana na wazazi wenye watoto wanaopenda kuchora, swali huwa ni lile lile: vifaa mnavipata wapi, na mnawezaje bei yake? Leo tumeona tuwaeleze tuliyoyapitia sisi wenyewe, mume na mke wenye watoto wanne, hapa kambi ya Dzaleka, wilaya ya Dowa, kiasi cha kilometa 45 kutoka Lilongwe. Tutaeleza na pale tulipokosea, maana hapo ndipo tulipojifunza zaidi.

Kwa wasioijua Dzaleka, palikuwa gereza kabla ya kuwa kambi ya wakimbizi mwaka 1994. Ilipangwa kwa watu wachache, kati ya 10,000 na 14,000, na sasa wako zaidi ya 50,000. Wengi wametoka Kongo, Burundi na Rwanda, ndiyo maana ukipita sokoni unasikia Kiswahili kila upande. Sisi tuliishi Lilongwe miaka kadhaa tukiwa na kiduka kidogo, mpaka mwaka 2023 serikali ilipoagiza wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warudi kambini. Tulirudi na magodoro, masufuria na mabegi ya nguo. Binti yetu wa pili, aliyekuwa na miaka 11 wakati ule, aliacha nyuma kasha lake la rangi. Hakulia. Lakini baada ya wiki moja tulimkuta akichora kwa mkaa nyuma ya mlango, mahali alipodhani hatutapaona.

Kumnunulia rangi nyingine haikuwa rahisi. Novemba 2023 kwacha ilishushwa thamani, dola moja ikatoka kwacha 1,180 hivi ikafika 1,700, na kila kinachotoka nje kikapanda bei. Rangi za wasanii zinatoka nje. Baba au mama gani atanunua tyubu ya rangi wakati mafuta ya kupikia yamekwisha? Basi tukaanza kuangalia kilichopo miguuni mwetu.

Tulianza na udongo. Udongo wa huku ni mwekundu sana, wanaofua nguo za watoto wanaujua. Tuliukoroga kwenye ndoo ya maji, tukasubiri kidogo mchanga utuame, tukamimina yale maji mazito kwenye beseni jingine. Kesho yake maji yalikuwa juu na matope laini chini. Tukamwaga maji, tukaanika matope, tukasaga. Ulitoka unga laini kama poda. Mkaa nao tuliusaga na kuuchekecha kwa kitambaa, ukatupa rangi nyeusi. Bizari ya manjano tuliitoa jikoni. Kwa rangi nyeupe tulipewa mabaki ya rangi ya ukutani na fundi mmoja. Vipande vya vitenge, ambavyo huku huitwa chitenje, mafundi cherehani walitupa bure, na maboksi tuliomba madukani. Brashi tulitengeneza kwa vijiti vilivyotafunwa ncha na vipande vya sponji ya godoro kuukuu.

Binti yetu ndiye aliyegundua jambo lililotufurahisha wote. Siku moja alipaka manjano kwenye karatasi, halafu akaigusa kwa mkono wenye povu la sabuni. Pale pale manjano ikageuka nyekundu kama damu ya mzee! Alikuja mbio, "Mama, njoo uone, nimeiharibu!" Hakuwa ameharibu kitu. Bizari hubadilika ikikutana na sabuni, majivu au chokaa. (Chokaa msiwape watoto, inaunguza ngozi na macho. Maji ya majivu nayo washike wakubwa. Sabuni yatosha.) Tuliona tumepata rangi mbili kwa bei ya moja. Hatukujua bado kwamba manjano haina urafiki na jua. Picha tuliyoitundika karibu na dirisha ilififia mpaka ikabaki kivuli, lakini udongo uliokuwa kando yake haukubadilika hata kidogo.

Baadaye jirani yetu mwalimu alituambia tusishangae. Kule Dedza, kusini ya Lilongwe, kuna miamba ya Chongoni, iliyoingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2006, yenye sehemu 127 zilizochorwa. Michoro ya Batwa ni mistari na maduara mekundu, na ile ya Wachewa ni myeupe, ya udongo. Wekundu wa namna hiyo ni chuma kilichomo ndani ya udongo, na jua haliufifishi. Habari hiyo ilitufaa kwa njia nyingine pia. Nyumbani kwetu hatuchori viumbe vyenye roho, na binti yetu aliwahi kulalamika kwamba basi hakuna cha kuchora. Aliposikia kwamba watu wa kale walijaza mwamba mzima kwa mistari na maduara, alinyamaza, akachukua kalamu.

Sasa tuje kwenye kisa chenyewe. Januari 2025 mama mmoja mwenye duka Lilongwe aliona picha tulizotengeneza, za milango na mapambo ya nakshi, kitambaa na udongo juu ya boksi. Akaagiza 12, azipate kabla ya Idi, akatupa nusu ya fedha. Kwetu ilikuwa fedha nyingi. Tulilipa deni la unga, tukanunua viatu vya shule vya watoto wawili, na iliyobaki ikawa ya vifaa.

Kilichokuwa ghali kuliko vyote ni gundi. Majaribio yetu yote mazuri yalifanywa kwa gundi nyeupe ya mbao, ile ya maseremala, tuliyoichanganya na maji kidogo. Kopo moja lisingetosha picha 12. Mmoja wetu akasema tuokoe fedha, tupike gundi ya unga wa ngano kama walivyofanya wazee wetu kubandika karatasi. Mwingine akakubali bila kubisha, kwa hiyo kosa ni letu sote. Unga kikombe kimoja, maji vikombe vitano, unakoroga motoni mpaka inang'aa. Ilishika vizuri sana. Tukamaliza picha zote mwishoni mwa Februari, tukazifunga pamoja kwenye plastiki zisiloane, maana mvua ilikuwa bado, tukaziweka chini ya kitanda.

Wiki ya kwanza ya Ramadhani tukazifungua. Harufu ilitangulia. Picha tano zilikuwa na ukungu wa kijani na mweusi, mbili zimeliwa pembe na mende, na maboksi yamepinda kama makuti. Tulikaa chini tukazitazama. Hapakuwa na mtu wa kulaumu. Unga ni chakula. Tulikiweka chakula kibichi kwenye plastiki, kwenye joto la bati, wakati wa masika, na wadudu wakaja kula.

Hapo ndipo tulipogombana. Mmoja wetu (hatutasema yupi) alisema tukwangue ukungu, tupake rangi nyeupe juu, tuzipeleke. Huyo mama hatajua, na Idi haisubiri. Mwingine alisema ukungu utarudi tu. Yule wa kwanza akajibu kwa ukali kwamba fedha imekwisha kuliwa, na viatu haviwezi kurudishwa dukani. Yote mawili yalikuwa kweli. Binti yetu alikuwa mlangoni akisikia. Akasema, taratibu tu, "Lakini itanuka nyumbani kwao siku ya Idi."

Tulipiga simu baada ya futari. Tulimweleza yule mama kila kitu, hata habari ya viatu. Alinyamaza muda mrefu mpaka tukadhani salio limekatika. Kisha akasema, "Basi leteni zilizo nzima, na nyingine mtakazoweza. Zilizobaki mtanirudishia fedha yangu mkipata."

Tulikuwa na picha tano nzima. Baba akaomba ruhusa ya kutoka kambini, akaenda Lilongwe kwa basi dogo na fedha tuliyokopa kwa jirani, akanunua kopo moja la gundi ya mbao. Safari hii tulibandika maboksi mawili mawili, mistari ya ndani ikipishana, tukapaka pande zote mbili ili yasipinde, tukayakandamiza kwa matofali usiku kucha. Tulipata picha mbili tu kabla ya muda kwisha. Tukapeleka saba badala ya 12. Deni la zile tano tulilipa kidogo kidogo, tukalimaliza mwezi wa Juni. Idi yetu ile ilikuwa ya chai na maandazi, lakini tulilala vizuri.

Wahenga walisema rahisi ghali. Sisi tungeongeza kwamba si kila rahisi. Udongo ni bure na utadumu kuliko sisi. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 hakuwa na turubai wala rangi za wasanii. Alitumia vipande vya hadibodi na rangi ya mafuta ya kawaida, na jina lake limebaki tangu alipofariki mwaka 1972. Vifaa vyake vilikuwa vya bei nafuu, lakini vilidumu. Kwa hiyo siku hizi kabla ya kuuliza bei, tunauliza: kitu hiki kitakuwaje baada ya masika moja?

Kwa wanaotaka kuanza na watoto wao, tuliyoyaona ni haya. Fedha yenu kidogo iwekeni kwenye gundi nyeupe ya mbao, vingine tafuteni bure. Gundi ya unga ni nzuri kwa mazoezi ya watoto na kazi ya siku chache, si kwa kitu cha kuuza. Manjano itumieni kwa kadi zinazokaa ndani ya bahasha, si kwa picha ya ukutani. Kitambaa kifueni kwanza, kwani baadhi ya vitenge hutoa rangi vikiloa. Rangi ya mafuta hukaa juu ya rangi ya maji iliyokauka, lakini rangi ya maji juu ya ya mafuta hubanduka. Kazi iliyobandikwa iacheni ikauke siku kadhaa kwenye hewa kabla ya kuifunga. Na kama mnapenda kuandika aya au majina matukufu, sisi tumeamua kutoyaandika juu ya maboksi, kwa kuwa boksi mwisho wake ni jalalani.

Binti yetu sasa ana ukuta wake wa majaribio, na hachori tena nyuma ya mlango. Kila kipande kina tarehe nyuma: udongo na gundi, udongo na yai, mkaa na maziwa. Kipande kimoja kilichoshikwa na ukungu amekataa kukitupa. Tulipomwuliza kwa nini, alisema kila mtu akija lazima akione hicho kwanza.