Tochi ya chuma tuipake nini?

Hapa Dzaleka tochi inafanya kazi nyingi usiku. Mgonjwa anapelekwa kliniki nayo, dada anaendea choo nayo. Sisi vijana wa kujitolea tunazishika kila siku, na tumeona mahali zinapoanza kufa: yale meno ya kuzungushia kifuniko cha betri. Vumbi letu jekundu linaingia, alumini inasagana na alumini, mwishowe kifuniko kinazunguka bure.

Wengi wetu tunapaka mafuta ya kupikia. Yanalainisha siku chache, halafu yananata kama gundi na kushika mchanga. Oili ya injini ni nyepesi, inatiririka mpaka kwenye betri. Vazelini ni afadhali kwa chuma, lakini ile ringi ya mpira inayozuia maji, kama ni mpira wa asili, itavimba na kulegea. Inayofaa tochi nyingi ni grisi ya silikoni. Ukipita Kanengo kwenda mjini Lilongwe, iulizie kwenye maduka ya vipuri. Tuchangie, maana tyubu moja inahudumia tochi nyingi.

Kabla ya kupaka, safisha kwa mswaki wa zamani na kitambaa kikavu. Ukipaka juu ya mchanga, umejitengenezea msasa. Weka kidogo, kama punje ya mchele, uzungushe kote. Ule ukingo wa chuma unaopitisha umeme uache mkavu, la sivyo mwanga utafifia.

Jamani, tuzitunze. Pesa ya tochi mpya ibaki kwenye unga.