Kanda za Wazee na Kifungu cha 26

Kwa miaka mingi hakimiliki ilikuwa kwangu neno la kukataza. Chuoni tulifundishwa kuainisha vitabu na kupanga rafu; sheria tuliigusa juu juu tu. Nilipoanza kazi Kiirua, huko Meru, katika maktaba ya chuo ambako wanafunzi wengi ni watoto wa wakulima wa viazi na ngano, sheria niliyoijua ni ile karatasi iliyobandikwa kando ya mashine ya fotokopi: kunakili ni kosa.

Aliyenisukuma kuisoma sheria yenyewe ni mwanafunzi asiyeona. "Madam," aliniuliza, "unaweza kuniskania hiki kitabu ili simu inisomee?" Ofisini kila mtu alisema haiwezekani bila barua ya mchapishaji. Nilichapisha Sheria ya Hakimiliki ya 2001 pamoja na marekebisho yake ya 2019, nikaisoma usiku baada ya usiku, kalamu mkononi. Kenya iliridhia Mkataba wa Marrakesh mwaka 2017, na marekebisho ya 2019 yakauingiza katika sheria yetu. Taasisi ya elimu isiyotafuta faida inaweza kumtengenezea asiyeona nakala anayoweza kuitumia, bila kumwomba mwenye haki ruhusa, mradi nakala hiyo isivuke ikawafikia wasiolengwa. Tukaskani kitabu kizima. Alivaa vipokea sauti, simu ikasoma kwa kasi ambayo sikio langu halikuweza kuifuata, naye akawa anaandika nukta nundu bila kusita.

Baada ya hapo sikuweza tena kumjibu mtu "hairuhusiwi" bila kujua ni kwa nini. Kifungu cha 26 kinaeleza mwenye haki anamiliki nini, na sheria hiyohiyo inataja kisichomhusu: matumizi ya haki kwa utafiti, kwa matumizi binafsi, kwa uhakiki, mradi chanzo kitajwe. Ina hata nafasi ya maktaba za umma na vituo vya kumbukumbu vilivyotajwa katika kanuni, pale ambapo nakala ni kwa manufaa ya umma na haiingizi pesa. Nikajifunza pia kuhesabu. Maandishi hulindwa miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki mwandishi. Shaaban Robert alifariki 1962, kwa hiyo tangu 2013 kazi zake ni za kila mtu hapa kwetu. Jomo Kenyatta alifariki 1978. Kitabu chake kuhusu Wakikuyu kinalindwa hadi mwisho wa 2028. Ken Walibora alituacha Aprili 2020, na riwaya yake Siku Njema inalindwa hadi mwisho wa 2070. Mwanafunzi akitaka sura moja ajisomee, namnakilia. Akitaka riwaya nzima ili awauzie wenzake, nakataa, na namweleza kwamba jasho hilo lina wenyewe.

Kazi ngumu zaidi ilikuja na sanduku la kanda. Mwalimu mmoja mstaafu alituletea kaseti za nyimbo na masimulizi ya Kimeru alizorekodi miaka ya themanini, utepe wa baadhi ukiwa umeanza kugandana. Rekodi ya sauti hulindwa miaka 50 kuanzia mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Ya 1984 inafika mwisho wa 2034. Mwalimu alitupa kwa maandishi idhini ya kuzinakili kwenye kompyuta. Lakini nyimbo hakuzitunga yeye. Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Sanaa za Utamaduni ya 2016 inaitambua jamii kuwa mwenye mali, na inataka idhini yake itolewe kwa hiari, mapema, na kwa kufahamu inachokubali.

Tulikwenda kwa wazee. Mmoja wao alisikiliza maelezo yangu yote, kisha akauliza, "Mwanangu, mkishaziweka kwenye kompyuta, nani atatuuliza siku zitakapoimbwa kwenye tangazo la bia?" Kwa maoni yangu, hakuna mwanasheria aliyewahi kuliuliza swali hilo vizuri zaidi. Tukakubaliana kwa maandishi: masimulizi na nyimbo za kazi zisikilizwe na yeyote ndani ya maktaba, nyimbo za jandoni zihifadhiwe, zisifunguliwe bila wazee kukubali, na anayetaka kuzitumia kibiashara apelekwe kwao kwanza. Masharti hayo yameandikwa kwenye kadi ya kila kanda, chini ya jina la mwimbaji pale linapojulikana.

Ile karatasi ya ukutani niliitoa. Mahali pake pana ukurasa unaosema unachoruhusiwa, usichoruhusiwa na wa kuombwa ruhusa. Wakutubi wenzangu wa Meru na Embu wakinipigia kuuliza waanzie wapi, nawaambia sheria zote mbili zinapatikana bure kwenye tovuti ya Kenya Law, waanze na kifungu cha 26 cha Sheria ya Hakimiliki, na wasiiweke kanda ya mzee yeyote kwenye kompyuta kabla hawajaketi naye.