Maganda ya Ndizi ya Rugu

Ndugu msomaji, kama hujapata kufika Rugu, basi leo twende pamoja. Rugu ni kata mojawapo ya Wilaya ya Karagwe, mkoani Kagera, magharibi ya Ziwa Viktoria, ambako nchi ni vilima na mabonde na mvua hunyesha misimu miwili kwa mwaka. Zamani Karagwe ilikuwa wilaya moja kubwa. Mwaka 2012 ilikatwa, na sehemu moja ikawa Wilaya ya Kyerwa. Wenyeji wa nchi hii ni Wanyambo, na pamoja nao wamo Wahaya na watu wengine waliohamia.

Sikuleti huku kutazama wanyama wala majumba. Nataka utazame udongo.

Tusimame juu ya kilima kwanza. Utaona nchi ya namna mbili. Huku pana migomba iliyosongamana, mibuni katikati yake, maharage chini, na nyumba imefichwa ndani kabisa. Hicho ndicho kibanja. Kule pana nyasi tupu, mti mmoja hapa na mwingine mbali. Hiyo ndiyo rweya. Mgeni hudhani kwamba wazee walichagua penye rutuba wakapanda migomba, wakaiachia mifugo sehemu iliyo dhaifu. Sivyo hasa. Chota konzi moja ya udongo wa kibanja cha zamani na konzi nyingine ya rweya, uzilinganishe. Ule wa kibanja ni mweusi na laini, na minyoo imo. Ule wa rweya umepauka. Wataalamu waliochunguza udongo wa mkoa huu wametuambia kwamba sehemu kubwa ya tofauti hiyo ni kazi ya mikono ya watu. Nyasi zilikatwa rweya zikatandazwa chini ya migomba. Ng'ombe walichungwa rweya mchana, na jioni walirudi kuacha samadi nyumbani. Majivu, maganda, machicha ya rubisi, vyote vilitupwa hapo hapo. Rutuba ikabebwa kikapu kwa kikapu, kizazi baada ya kizazi, mpaka mahali pale pakawa kibanja.

Kumbe basi hayo yanayoitwa siku hizi kutunza mazingira kwa mambo madogo ya kila siku, huku kwetu yalikuwa kilimo chenyewe. Aliyekuwa mzembe wa kutupa majivu alipata mikungu midogo.

Sasa tuingie nyumbani kwa mtu. Bisha hodi, umwamkie mama wa nyumba, "Shikamoo mama," naye atakuitikia na kukupa kigoda. Mtazame anavyomenya ndizi. Maganda hayaanguki ovyo. Huanguka juu ya jani la mgomba. Ndizi akishazitia chunguni huzifunika kwa majani mabichi, akayabana vizuri pembeni, mvuke usitoke, na chakula huiva kwa kuni chache. Maharage ameyaloweka tangu jana usiku, nayo yatachukua muda mfupi motoni kuliko yale ya jirani aliyesahau. Maganda yatakwenda kwa mbuzi au kwa ng'ombe kama yupo, na kesho kutwa yatarudi shambani yakiwa samadi. Kama hakuna mnyama yatakwenda shimoni kuoza. Majivu yatakwenda kwenye mashina. Ukimwuliza mama huyo kama anahifadhi mazingira huenda akacheka, maana yeye anapika tu.

Marehemu Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alitaja mambo madogo ya namna hii: kupika kiasi kinachoweza kuliwa, kupunguza plastiki, kutenga takataka, kupanda miti, kuzima taa zisizohitajika. Hilo la taa nadhani liliwahusu zaidi watu wa miji mikubwa. Mengine mama wa Rugu angeweza kuyafundisha.

Lakini nisikudanganye kwamba mambo yote ni mazuri. Kibanja ni kama mtungi: kama unatoa kila siku na hutii kitu, utakauka. Na siku hizi kinachotoka ni kingi kuliko zamani.

Kwanza ng'ombe. Bwana Speke, Mwingereza aliyefika kwa Mfalme Rumanyika wa Karagwe mwaka 1861, aliikuta nchi ya ng'ombe na maziwa. Miaka ya 1890 sotoka ilipita ikateketeza makundi mengi. Leo nyumba nyingi hazina hata ng'ombe mmoja, na bila ng'ombe njia ile ya kuleta rutuba kutoka rweya imekatika. Tena rweya yenyewe inalimwa, maana watu wameongezeka. Na ile inayobaki, kiangazi kikifika mtu huitia kiberiti ili majani mabichi yaote. Nyasi ambazo zingetandazwa shambani zinapaa angani kuwa moshi kwa saa moja.

Pili, lori. Zamani ndizi ililiwa hapa hapa na ganda likabaki hapa hapa. Sasa mkungu unapakiwa kwenda Mwanza na miji mingine. Simlaumu mkulima, kwani karo na dawa havilipwi kwa majani. Ila tujue tunachouza. Mgomba hunyonya udongoni madini yaitwayo potasiamu kwa wingi kupita mazao mengi, na sehemu ya madini hayo hukaa katika mkungu, pamoja na ganda. Kwa hiyo lori linapoondoka, limebeba na sehemu ya shamba. Majivu ya kuni nayo yana potasiamu. Ndiyo maana wazee waliyathamini, ingawa jina hilo hawakulijua.

Na lori likirudi, linaleta nini? Huleta plastiki. Tunashukuru kwamba tangu tarehe 1 Juni 2019 Serikali imepiga marufuku mifuko ya plastiki, ile tuliyoiita rambo, na kabla ya hapo, mwaka 2017, pombe za viroba. Lakini chimba kando ya duka lolote la zamani utavikuta viroba vile vikiwa vizima, maandishi yake yanasomeka. Na vifuko vya biskuti na sabuni ya unga bado vinakuja. Hapa ndipo ile desturi yetu njema ya kutupa kila kitu shambani inapotugeukia. Ganda la ndizi litupe kibanjani. Karatasi ya nailoni usiitupe humo: haiozi, huzuia maji na mizizi, na mbuzi akiila anaweza kufa. Wala usiichome karibu na jiko, moshi wake ni sumu. Kikapu cha ukindu au cha milulu kikitangulia sokoni, mifuko michache itarudi nyumbani.

Liko jambo lingine la kuangaliwa kwa makini. Mnyauko wa migomba ulionekana mkoani Kagera mwaka 2006, ukawaacha watu wengi bila chakula. Ugonjwa huu hubebwa na panga lililokata mgomba mgonjwa, na wadudu wanaotua kwenye ua la mgomba. Basi ua hilo liondolewe kwa kijiti chenye panda, si kwa kisu, na panga lipitishwe motoni kabla ya kugusa shina jingine. Mgomba mgonjwa usikatwekatwe ukatandazwa chini ya mizima. Majani yake pia usimpelekee jirani ya kufunikia chungu chake.

Wapo waliofikiri mbele zaidi. Shirika la MAVUNO, la hapa hapa Karagwe, pamoja na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin, Ujerumani, walijaribu mbolea ya mboji iliyochanganywa mabaki ya jikoni, majivu, vumbi la mkaa, na kinyesi cha chooni kilichopashwa moto mpaka vijidudu vya maradhi vikafa. Najua wengine watakunja pua. Lakini mahindi yaliyopandwa kwa mbolea hiyo yaliyapita mbali yale ya udongo mtupu, maana udongo wa huku una uchachu, na fosforasi ambayo mmea unaweza kuipata ni kidogo, navyo vyote viwili mboji ile ilisaidia kuvirekebisha. Choo cha namna hiyo kina gharama na kinataka uangalifu. Asiwepo mtu wa kuanza kwa kubahatisha. Shimo la mboji, kinyume chake, halihitaji ila jembe na nusu siku.

Nawe msomaji unayekaa karibu na gulio, mtazame mtu wa baiskeli. Asubuhi ameleta mikungu mitatu, na jioni anarudi na keria tupu. Nyuma ya vibanda vya mama ntilie pana chungu la maganda, inzi wamejaa. Mwenye kibanda hajui ayapeleke wapi, na ukimwomba kwa adabu, mara nyingi atakupa bure, tena atakuazima na gunia. Yafikapo nyumbani yatie shimoni yaoze kwanza, usiyamwage mabichi kwenye mashina, kwa sababu hujui yametoka kwenye shamba la nani. Safari za gunia moja kwa wiki, kuanzia sasa mpaka mvua za vuli, zitakupa shimo lililojaa.