Kwa Baiskeli Tukitazama Milango ya Unguja

Watoto walipofunga shule tuliwapeleka kwa bibi yao Morogoro, nasi wawili, mume na mke, tukapanda boti kwenda Unguja kwa siku nne. Tangu tuoane ilikuwa mara ya kwanza kusafiri bila kubeba chupa ya uji. Fedha za kukodi gari hatukuwa nazo, basi tukakodi baiskeli mbili karibu na Darajani. Mmoja wetu hakuwa amepanda baiskeli tangu darasa la saba, na jioni ya kwanza alikula chakula chake akiwa amesimama.

Tulikuwa tumekubaliana jambo moja: tupige picha milango na madirisha ya zamani, na tusinunue kitu. Ahadi ya kwanza tuliitimiza.

Mji Mkongwe si mahali pa kuendesha baiskeli kwa haraka. Vichochoro ni vyembamba, na kwenye kila kona inakupasa kupiga kengele usije ukamgonga mtoto anayetoka chuoni na juzuu yake kifuani. Mara nyingi tulishuka tukasukuma. Lakini huo ndio mwendo unaomfaa mtu anayetazama milango, kwa maana kila baada ya hatua ishirini mmoja wetu alikuwa akisema, "Subiri kidogo!"

Siku ya pili tulikwisha anza kuitofautisha. Mlango wa Kiarabu wa zamani ni bapa kwa juu, na kizingiti chake cha juu kimejaa nakshi, mara nyingine pamoja na maandishi ya Kiarabu. Wenye tao juu ulipendwa zaidi mwishoni mwa karne ya 19, mitindo ya Kihindi ilipoenea. Kwenye mitaa ya maduka iko ya Kigujarati, yenye mapande ya mraba yanayokunjwa, hata mwenye duka akafungua kiasi anachotaka. Mingi ni ya msaji, mti mgumu ulioletwa kutoka India. Ile misumari mikubwa ya shaba iliyochongoka, husemwa kwamba huko India ilikuwa ya kuwazuia tembo wasisukume malango. Unguja hakuna tembo, kwa hiyo imebaki kuwa pambo, na mama aliyezoea kusugua sufuria anaweza kukisia ni nani huing'arisha.

Kilichotuchekesha ni mfaa. Huo ni mti uliochongwa unaosimama katikati ya mbao mbili za mlango. Umepigiliwa kwenye ubao mmoja tu nao unaufunika wa pili, hivyo ubao usio na mfaa hufunguliwa kwanza na kufungwa mwisho. Kwetu nyumbani pia yuko anayelala mwisho baada ya kukagua makomeo yote, na si baba.

Madirisha yalitupa mawazo zaidi. Ya chini yana vyuma, ya juu yana mbao zilizopangwa kwa upenyo, na roshani nyingine zimezibwa kwa mbao zilizotobolewa kama wavu. Wanawake wa ndani waliona njia yote, wala aliye njiani hakuwaona. Tulisimama chini ya roshani moja kwa muda mrefu tukijiuliza waliona nini. Kwa maana fedha zilizonunua msaji huo na shaba hiyo hazikutoka kwenye karafuu peke yake. Pale Shangani iko nyumba ya Hamed bin Muhammed, maarufu kwa jina la Tippu Tip, aliyefanya biashara ya pembe za ndovu na watumwa hadi ndani ya Kongo, akafa Unguja mwaka 1905. Mlango wake ni mzuri kweli. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873, na leo mahali pake pamesimama kanisa kuu la Kianglikana. Tulipiga picha ya mlango ule, lakini hatukucheka mbele yake.

Siku iyo hiyo tuliendesha kando ya bahari mpaka Maruhubi. Sultani Barghash alijenga jumba huko mwaka 1882, likaungua mwaka 1899. Nguzo zimesimama kwenye majani, wala hakuna mlango hata mmoja wa kupiga picha. Beit el-Ajaib, aliyoijenga mwaka 1883, nayo ilianguka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020, na watu wawili wakafa. Hapo tukaanza kutazama kuta zinazoishika milango.

Siku ya tatu, nyuma ya Malindi, tuliona mlango uliotushinda: samaki wamechongwa chini ya miimo, maua yamepanda hadi juu, na mnyororo wa nakshi kando. Tuliegemeza baiskeli barazani tukapiga picha tano au sita. Mara ubao mmoja ukafunguka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mlango huo wa nani?"

Tukanyamaza.

"Wangu. Wageni wa mbali hupiga wakenda zao, wale siwasemi. Nyinyi nanyi, wanangu, hamjui hodi?"

Tuliona aibu kubwa. Tukaondoa baiskeli kwenye baraza yake, tukarudi hatua tatu, tukaita hodi kama watu waliofunzwa. Akacheka. "Karibuni. Ingieni basi muone na ndani."

Ndani tulikuta beseni tatu sakafuni. Nyumba hizi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na udongo, na dari hushikwa na boriti za mikoko. Maji yakipata njia kwenye paa, boriti huoza na ukuta hulegea. Watu wakiziba kwa saruji, unyevu hufungiwa humo humo. Nyumba hiyo ni urithi wa ndugu wengi waliotawanyika, na kila mmoja anangoja mwingine aanze kutoa fedha.

Tulimwuliza kama hajapata mtu wa kuununua mlango. "Wamekuja. Nikiuza mlango, usiku nitafunga nini?"

Kisha akatunyooshea kidole juu. "Pigeni na hapo. Mpwa wangu yuko Maskati. Nikimwambia dari linavuja husema atatazama. Haya, atazame."

Tukapiga picha ya dari, ya ufa na ya beseni, tukamtumia kwa simu. Chai ya mdalasini ilikuwa haijapoa jibu lilipofika: boriti zilizooza ni ngapi? Mmoja wetu akapanda juu ya kiti, mwingine akakishika, bibi akamulika tochi. Tukahesabu saba.

Picha ya mlango tulipewa ruhusa ya kuipiga upya wakati wa kuondoka, yeye mwenyewe akiwa amesimama kizingitini. Tulingoja kwanza akabadili kanga.