Upepo wa kaskazini-mashariki

Duluth, Alhamisi 12 Juni 2025

Nahodha tuliyemkodi kapiga simu jioni. Kesho upepo utatoka kaskazini-mashariki, na huo ndio mji huu wote unauogopa. Duluth imekaa kwenye ncha ya magharibi kabisa ya Ziwa Superior. Upepo ukitoka huko unashuka na ziwa lote, mamia ya kilomita bila kizuizi, na mawimbi yanakua njia nzima. Amesema tutakwenda, ila tukae karibu na pwani.

Baba mdogo aliuliza kina. Nikamwambia mita 406 pale penye kina kikubwa. Ziwa alilolivua yeye toka ujana, kwetu Ukerewe, halifiki mita 90. Kwa upana wa uso Superior ni la kwanza duniani kati ya maziwa ya maji baridi, Victoria la pili. "Basi hili ni kaka yake," akasema, akaenda kulala na soksi mbili.

Ijumaa 13 Juni

Mikono bado inauma kwa baridi, lakini niandike kabla sijasahau.

Trauti wa ziwani hukaa chini, karibu na sakafu ya ziwa, na hafukuzi chambo kinachokimbia. Boti inatakiwa itambae, chini ya kilomita tatu kwa saa au hapo hapo. Mshipi unabanwa kwenye waya wa chuma wenye chubwi ya kilo tano, waya unateremshwa kwa roda hadi chubwi ikaribie kugusa chini. Samaki akivuta, mshipi unachomoka kwenye kibanio na unabaki wewe na yeye. Hiyo ni siku ya shwari. Leo upepo ulitusukuma kwa mgongo, boti ikawa inaruka kila wimbi linapoinua shetri, na vyambo chini vinaruka nayo. Tulipogeuza omo kuelekea upepo ikawa taabu zaidi, maji yanamwagika hadi miguuni. Nahodha, mama wa makamo asiyepaza sauti, akatupa mifuko miwili ya turubai majini, mmoja kila ubavu. Ikajaa maji, boti ikatulia mwendo. Baba mdogo alipoiona akapiga kofi: "Kashika breki!" Toka hapo hawakuhitaji lugha. Tulivua tukishuka na upepo tu. Tukifika mwisho tunapandisha mishipi yote, tunapanda tena na mashine, tunaanza upya. Kazi ya mikono, siyo ya kukaa.

Wa kwanza alimpata yeye. Kabla samaki hajaonekana, mapovu yalipanda juu: trauti huyu huitoa hewa ya tumboni anapovutwa kutoka kilindini. Mwili wa kijivu wenye madoa meupe, mkia wa panda, mapezi yenye ukingo mweupe. Ubavuni kovu la duara. Baba mdogo akaligusa kwa kidole, akanitazama.

Jumamosi 14 Juni

Asubuhi nzima tumezungumzia kovu lile.

Ni la lamprei, mnyonyaji wa damu kutoka Atlantiki, mdomo wa duara uliojaa meno. Maporomoko ya Niagara yalikuwa yakimzuia. Mfereji wa meli wa Welland ukayazunguka. Mwaka 1921 alionekana Ziwa Erie, 1938 akawa amefika Superior. Mmoja anaweza kuua hadi kilo 18 za samaki maishani mwake. Kufikia miaka ya 1950 trauti wa Ziwa Michigan walikuwa wamekwisha, na Superior walisalia wachache. Marekani na Kanada zikaunda tume moja mwaka 1955, na maelfu ya kemikali yalijaribiwa hadi ikapatikana moja inayoua viluwiluwi vya lamprei kwenye matope ya mito na kuwaacha wengi wa samaki wengine. Imetumika tangu 1958. Mwaka 2020 na 2021 korona ilipunguza kazi hiyo, lamprei wakaongezeka mara moja. Novemba 2024 tume ilitangaza kwamba trauti wamerejea kikamilifu katika sehemu kubwa ya Superior.

Baba mdogo akasema furu wetu, samaki wadogo wa Victoria, hawakupata tume. Aliwakuta utotoni wa kila rangi, mamia ya aina. Sangara aliyepandikizwa kati ya miaka ya 1950 na 1960 akawamaliza wengi kufikia miaka ya 1980. Alisema kwa hasira ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

Lakini nilimjibu, na naandika hapa kwa kuwa naamini hivyo: lamprei hakuwahi kumlisha mtu huku. Hana kiwanda, hana mnada mwaloni. Kumchukia ni rahisi. Sangara alinunua mabati ya nyumba yetu. Ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye migonzo ya mzee huyu huyu. Nani angekuja mwaloni kwetu na dawa ya kumuua sangara, na angetoka salama?

Alikaa kimya. Kisha: "Wa kwenye mawe bado wapo." Ni kweli, sangara hapendi miamba, na furu wa huko walipona zaidi.

Jumatatu 16 Juni

Samaki tumemkausha kwa moshi, tumemla na ugali. Ana mafuta, nyama tamu.

Baba mdogo anataka nimwandikie yote kwa Kiswahili awasomee wenzake wa BMU, kikundi cha kusimamia mwalo: mito, dawa, na hasa nani analipa. Serikali mbili, kila mwaka, tangu kabla sijazaliwa. Anataka pia kujua ni nani sasa hivi anawahesabu furu wa miamba ya Ukerewe. Kesho nitaanza kuulizia Mwanza.