Saladi haina moto wa kuitetea

Tengeru

Mwanangu,

Nimesikia umefungua kibanda cha chakula jirani na wachoma nyama wa Kwa Mrombo, huko mjini, na sahani zako unazipamba kwa saladi mbichi. Hongera. Ila nyama na mchicha vina moto wa kuvitetea. Saladi huingia mdomoni kama ilivyotoka shambani. Ichague kwa jicho kali.

Mng'ao usikuhadae. Muuzaji hunyunyiza maji kutwa, na jani lililonyauka jana husimama tena mbele yako. Geuza saladi utazame kitako, pale kisu kilipopita. Pakiwa peupe, na ukipabonyeza kwa ukucha patoke utomvu kama maziwa, imekatwa karibuni. Pakiwa na rangi ya kutu, hiyo imelala. Kichwa kidogo kupita kiasi nacho kitilie shaka, huenda majani ya nje yamebanduliwa asubuhi hiyo. Kisha penyeza kidole katikati: ukigusa utelezi, rudisha, hata ukiahidiwa nyongeza.

Angalia pia imepangwa na nini. Ndizi mbivu na maparachichi hutoa gesi iitwayo etilini, nayo huitia saladi madoa ya kahawia. Nyumbani usiviweke pamoja. Ya supamaketi iliyofungwa, yenye matone tele ndani ya pakiti, iache hapo hapo. Bei kubwa haizuii kuoza.

Zaidi ya yote, uliza maji. Imetoka bustani ipi, inamwagiliwa maji gani, dawa ilipigwa lini? Mama wa mboga asiyejua hata moja, mnunulie mchicha tu. Bustani za mabondeni mjini zinapendeza, lakini mto ukishapita katikati ya mji unabeba mengi. Mimi nazipenda za huku mlimani, zinazonyweshwa kwa mifereji itokayo juu. Soko letu hujaa Jumatano na Jumamosi. Damka, uzikute saladi jua halijazichoma.

Uje na kikapu. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, na hata enzi zake ilikuwa ikivundisha mboga. Usizioshe mpaka wakati wa kuandaa, halafu osha jani moja moja kwa maji safi yanayotiririka.

Siku saladi nzuri ikikosekana, usipambe sahani kwa mbovu. Wape nyama na ndizi za kuchoma, hakuna mteja wa Kwa Mrombo atakayenung'unika.

Nisalimie watoto.

Shangazi yako