Chukudu na Harusi ya Jirani

Katika Katoyi ya zamani, mtaa wa mji wa Goma, mtoto mwenye chukudu aliitwa na pande mbili siku ya harusi ya jirani. Wenzake walimngoja juu kwa mashindano, maana Goma yote inainamia ziwa Kivu kutoka volkano ya Nyiragongo, na chombo hicho cha mikaratusi, chenye magurudumu ya mbao yaliyovikwa mpira wa tairi kuukuu, hakidai kingine ila mteremko. Mama jirani naye alimngoja na mabidoni ya maji. Wakubwa wengi husema kwamba mtoto wa wakati ule alikwenda kwa mama jirani kwa kuwa alilelewa vizuri, na kwamba wa leo haendi kwa kuwa ameharibika. Mimi naona wanamwonea. Mtoto wa leo hajakataa kusaidia, hakuna anayemwita.

Tazama sherehe yenyewe ilivyokuwa. Hema lilisimamishwa kwenye parseli au likaziba avenue nzima, viti vikaazimwa nyumba kwa nyumba, sombe ikatwangwa uani, maji yakaletwa kutoka robineni au ziwani, lita 20 kwa kila bidoni. Avenue ikishazibwa, mashindano hayana pa kupita. Tena chukudu ileile ya mchezo ndiyo iliyobeba maji, na aliyejulikana kwa kushinda mteremkoni ndiye aliyeaminiwa mzigo. Mvutano ulikuwepo kweli, kwa sababu maji yalitakiwa asubuhi, saa ambayo njia ilikuwa bado tupu. Ila aliyekwenda kwa jirani hakutoka mikono mitupu: alipata sahani ya wali na nyama, na jina zuri mtaani, ambalo kwa mtoto si dogo (na kwa mzazi wake ni kubwa zaidi).

Kisha mji ukajaa. Julai 1994 waliingia wakimbizi wa Rwanda karibu milioni moja. Tarehe 17 Januari 2002 lava ikafunika katikati ya mji na kuwasukuma watu mitaa mingine. Vita vya maeneo jirani ya Masisi na Rutshuru navyo vikaendelea kuleta familia. Parseli zikagawanywa, kuta zikapanda. Hema likakosa mahali, harusi ikahamia sale, yaani ukumbi wa kukodi, ambako viti, maji na wahudumu vyote vimo ndani ya bei, na kila kiti kina mwaliko wake.

Wapo watakaosema ni afadhali, lita 20 si mzigo wa mtoto. Nakubali kuhusu mzigo. Lakini watoto wa Goma bado wanachota maji, na baada ya mlipuko wa Nyiragongo wa Mei 2021 kuharibu mabomba walichota zaidi. Sale haikuwapunguzia bidoni. Imewanyang'anya ile moja tu iliyoishia kwenye karamu. Wengine watalaumu vita. Sibishi kwamba vita vimepunguza sherehe, lakini sale zilishazoeleka kabla waasi wa M23 hawajauteka mji Januari 2025, na amani ikirudi hazitajifunga zenyewe.

Basi wewe unayeandaa harusi Katoyi, hata kama sale umeshailipia, waite watoto wa avenue yako mapema, uwape kazi nyepesi ambayo isipofanyika itaonekana, na uwawekee sahani.